Muulize Mzee wa Chenili: Katapila likivaa deraya

Mwezi uliopita, katikati ya jibu kuhusu mafuta ya giaboksi, nilitupia mstari mmoja kwamba D9, buldoza kubwa la Caterpillar, imeona vita vingi kuliko majenerali wengi. Nilidhani hakuna atakayeuokota. Barua zimekuja kumi na saba, moja imeandikwa nyuma ya risiti ya unga wa mahindi. Mhariri amesema basi pampu za maji zingoje, tujibu hizi kwanza. Kwa wasionijua: nimeendesha na kutengeneza makatapila miaka 31 kwenye karieri, machimbo ya wazi, za Kambove na Kolwezi huku Katanga, na sasa nina atelye (karakana) ndogo chini ya mwembe, Katuba, Lubumbashi. Jeshini sikukanyaga hata siku moja. Nitakayosema juu ya jeshi nimeyasoma. Nitakayosema juu ya chenili, mikanda ya chuma ambayo katapila linatembelea, mgongo wangu ni shahidi.

Papa, jambo sana. Mimi ni mchomeleaji vyuma, miaka 24, nafanyia kazi Ruashi. Rafiki kanionyesha kwenye simu picha ya katapila lililofunikwa chuma mwili mzima, vioo vyake vidogo na vinene, na kabini imezungushiwa fito za chuma kama choma ya samaki. Mimi nasema ni kifaru kilichofungwa lame, lile bamba la mbele la kusukumia udongo. Yeye anasema ni katapila la karieri. Tumewekeana Simba mbili. Nani atakunywa?

Rafiki yako atakunywa. Uliloliona ni D9 ya Caterpillar, ndugu wa ile iliyokuwa inasukuma udongo Kolwezi. Jeshi la Israeli ndilo linajulikana zaidi kwa kuivika hivyo, na askari wake wanaiita Doobi, dubu wa kuchezea watoto. Neno hilo ni binamu wa dubu letu sisi, maana letu limetoka kwa Waarabu. Ikitoka kiwandani D9 ina tani karibu 50 na motere ya nguvu za farasi 400 na kidogo. Ikishavikwa inapita tani 60. Hizo fito za choma ya samaki ziliongezwa mwaka 2005, kwa ajili ya roketi za begani: roketi iharibikie kwenye fito, isifike kwenye ukuta wa kabini.

Lakini usinung'unike sana kuhusu bia yako, maana na wewe hukukosea kabisa. Vipo vifaru vilivyofungwa lame. Warusi walichukua kifaru cha T-72, wakaking'oa mzinga, wakaweka lame mbele na mkono mrefu juu, wenye vidole vya kukamata magogo. Kinaitwa IMR-2. Wamarekani nao walitengeneza masini yao ya jeshi tangu mwanzo, M9, yenye tani 16 tu ili ndege iweze kuibeba. Tani 16 haziwezi kusukuma kitu cha maana, chenili zitasaga tu mahali pamoja, kwa hiyo waliipa tumbo linalofunguka: inajichotea udongo, inajishibisha mpaka inakuwa nzito, ndipo inasukuma. Ikimaliza inatapika na kwenda zake. Aliyefikiria hilo ningependa kunywa naye hiyo Simba.

Sasa kwa nini jeshi lenye pesa za kununua ndege lije kuvika katapila la barabara? Kwa sababu ya bulo (boliti) na filta. Masini ya jeshi peke yake inatengenezwa mamia, ikiharibika spea inasubiriwa miezi. D9 ipo sokoni tangu 1954, na popote duniani penye mgodi kuna mtu anayejua kufungua giabosi yake ya mwisho kwa kipimo cha funguo anachokijua usingizini. Halafu kuna jambo ambalo vijana hawalijui: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Caterpillar walianza kupandisha gurudumu la meno juu, ndiyo maana chenili za makatapila makubwa zina umbo la pembetatu. Kazi ya umbo hilo ni kuondoa giabosi za pembeni kwenye matope na mapigo ya mawe, na kurahisisha kuzitoa na kuzirudisha. Walifikiria migodi. Jeshi likapata faida hiyo bila kuilipia.

Na historia yenyewe inazunguka kama chenili. Mwaka 1904, kule Stockton, California, Benjamin Holt alijaribu trekta lake la mvuke akiwa ameling'oa magurudumu na kulivika mkanda wa mbao, maana mashamba ya huko yalikuwa laini, magurudumu yanazama. Vita vya Kwanza vilipofika, matrekta ya Holt yakavuta mizinga ya Waingereza kwenye matope ya Ufaransa. Walioyaona wakawaza: kama hili linapita hapa, tuliwekee kuta na bunduki. Tarehe 15 Septemba 1916 vifaru vya kwanza vikaingia vitani huko Somme. Kwa hiyo kifaru ni mtoto wa trekta la shamba, na katapila lenye deraya ni mjomba aliyeazima koti la mpwa wake.

Kwa kuwa wewe ni mchomeleaji, nikueleze koti hilo linagharimu nini, maana picha haikuonyeshi. Mwaka 1987, Kambove, jiwe lilitoka kwenye ngazi ya juu ya karieri, likapiga paa la kabini ya mwenzangu. Hakufa, ila sikio moja lilikufa. Wakubwa wakaamuru tuvike kabini zetu sahani za milimita 20. Chukua karatasi upige hesabu: sahani ya mita moja kwa mita moja, unene huo, ina kilo karibu 157. Tulifunga sahani juu, pembeni, nyuma, na nyingine mbele ya radiatere kuzuia vipande. Siku mbili tulijiona majenerali. Siku ya tatu, saa saba mchana mwezi wa kumi, sindano ya joto ikaingia kwenye nyekundu na haikurudi, kwa sababu ile sahani ilikuwa inakula upepo wa radiatere. Tukaitoboa matundu.

Siku ya tano nilirudi nyuma kama mita tatu. Nilikuwa na tundu la kuchungulia nyuma, upana wa kiganja. Nikasikia kitu chepesi sana, kama mtu amevunja kuni moja. Nilikuwa nimepita juu ya kinga ya kapita, msimamizi wetu, yaani baiskeli yake mpya, aliyoiegemeza kwenye rundo la mawe akaenda kujisaidia. Ilikuwa bapa kama chapati. Kapita aliitazama, akanitazama, akasema neno moja la Kibemba ambalo mhariri hatalichapa. Nililipa mishahara miwili. Ila usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya pesa. Niliwaza: kama angekuwa amechutama pale pale?

Zile zilikuwa sahani chache. Wanaovika D9 kwa vita wanaongeza tani zipatazo 15. Kila kilo inakaa juu ya rola zile zile na pini zile zile, na kila sahani inakula kipande cha macho ya dereva. Ukiona picha tena, usihesabu chuma. Tafuta dirisha.

Mzee, mimi ni mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nasikia makatapila ya jeshi kazi yake ni kufungua njia na kuchimba tu. Je, liko katapila lililowahi kupigana lenyewe?

Liko, na halikuwa na deraya hata ya sufuria. Oktoba 1943, kwenye visiwa vya Treasury katika Bahari ya Pasifiki, Wamarekani walikuwa wanashuka ufukweni na ngome moja ya magogo ya Wajapani ikawa inawamaliza. Aurelio Tassone, wa vikosi vya ujenzi vya jeshi la majini, alikuwa na katapila lake la kutengenezea njia. Aliinua lame ikawa ngao, afisa mmoja akatembea pembeni na bunduki, wakaenda hivyo mpaka ngomeni, kisha akaishusha lame na kuifukia ngome pamoja na waliokuwa ndani. Alipewa nishani. Vikosi hivyo, Seabees, vilianzishwa mwaka 1942, vikiwa na watu waliokuwa wajenzi wa barabara na mafundi kabla ya kuwa askari. Admirali Halsey alipoulizwa masini zilizoshinda vita vya Pasifiki alitaja nne: nyambizi, rada, ndege na buldoza.

Mimi lakini hadithi ya Tassone hainivutii sana. Ni ushujaa, na ushujaa haufundishi kazi. Inayonivutia ni ya nyua za mashamba ya Normandie, Ufaransa, kwa sababu niliiishi bila kujua.

Karibu na Kipushi tulikuwa tunasafisha uwanja wa kujenga nyumba za wafanyakazi. Mnakijua kichuguu cha Katanga, si kile cha kukaa na kula masuku. Nasema kile cha mita tano, sita, chenye miti juu yake, udongo wake mchwa wameukanda mate mpaka umekuwa tofali. Nilikivamia kwa gia ya kwanza, lame chini. Lame haikuingia. Iliteleza juu, chenili zikafuata, na katapila likaanza kupanda kama mbuzi anayepanda ukuta. Ghafla nikawa naangalia mawingu. Pua juu, matako chini, tumbo lote la masini liko wazi, na mimi nimeshika lever kama mtu aliyeshika matawi. Mzee mmoja wa kutoka Sakania, sasa marehemu, alinipigia kelele nirudi. Akanionyesha: usikipande, kitoboe. Tukageuza masini, tukatumia jino la nyuma kukipasua mashimo chini chini, kisha lame ikapata pa kushika. Kikaanguka mapande mapande, malkia yuko ndani mnene kama kidole gumba, na vijana wakagombania kumbikumbi waliobaki.

Sasa Normandie, kiangazi cha 1944. Mashamba ya huko yamezungushiwa kingo za udongo za miaka mamia, mizizi imefumana ndani yake kama mkeka. Kifaru kikijaribu kupita kinafanya kama mimi kwenye kichuguu: kinapanda, pua juu, na tumbo, ambalo ndilo chuma chembamba kuliko pote, linaelekea kwa adui aliyelala upande wa pili. Walikuwepo vifaru vyenye lame, lakini havikutosha. Sajini mmoja, Curtis Culin, akashona meno ya chuma mbele ya kifaru, meno mafupi ya kuingia chini ya ukingo na kukizuia kifaru kisipande, ili nguvu yote iende mbele. Chuma walikipata ufukweni: vizuizi vile vile ambavyo Wajerumani walivipanda majini kuzuia meli zisifike. Wachomeleaji walifanya kazi usiku na mchana kabla ya shambulio la mwisho wa Julai. Yule mzee wa Sakania hakumsikia Culin maisha yake yote.

Nafundisha historia Likasi. Wanafunzi wangu wanajua Jadotville, jina la zamani la mji wetu, kwa sababu ya Waairishi wa 1961. Je, uhandisi wa vita uligusa huku kwetu, ama ni mambo ya Ulaya tu?

Mwalimu, uligusa sana, ila kwa upande wa kufunga kuliko wa kufungua. Waairishi wa Umoja wa Mataifa, zaidi kidogo ya 150, chini ya Komandanti Pat Quinlan, walizingirwa mjini kwenu na askari wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961. Msaada ulitoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mara mbili. Mara zote mbili ulikwama mahali pamoja: daraja la Lufira. Wanafunzi wako wapeleke pale wakatazame mto na kingo zake, wataelewa katika dakika tano kitu ambacho vitabu vinakieleza kwa kurasa kumi. Anayeshika daraja hana haja ya kuwa na jeshi kubwa.

Mwaka mmoja kabla, kaskazini ya Katanga, barabara zilikuwa zimefungwa kwa magogo na madaraja kuvunjwa. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, doria ya Waairishi kumi na mmoja ilifika kwenye daraja lililovunjwa, ikavamiwa, tisa wakafa. Na mwisho wa Desemba 1962, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoamua kumaliza, jandarmeri ya Katanga ikirudi nyuma ilivunja madaraja ya Lufira. Wahindi wakavuka hata hivyo, wakaingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963.

Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa Likasi, kwa hiyo hapa naacha kitabu kidogo. Baba alitufungia chumbani, magodoro yameegemezwa dirishani. Ninachokumbuka si risasi, ni ukimya wa kiwanda. Shituru ilikuwa inavuma mchana na usiku tangu nizaliwe, na sikujua kwamba ni sauti mpaka iliponyamaza.

Kwa hiyo ukiwaeleza watoto kazi ya mhandisi wa vita, anza na gogo barabarani. Mtu mmoja na shoka anafunga njia kwa nusu saa. Kuifungua mbele ya bunduki, hapo ndipo unahitaji masini yenye kuta. Waingereza walilijua hilo walipojiandaa kushuka Normandie, Juni 1944. Walichukua D7 za kawaida, wakazipeleka kwa kampuni ya Jack Olding, Hatfield, zikavikwa deraya, zikashuka ufukweni pamoja na vifaru vya ajabu ajabu vya Jenerali Percy Hobart: vyenye minyororo ya kupiga mabomu ya ardhini, vyenye kubeba mafungu ya fito za kujaza mitaro. Na upande wa kufunga, Warusi bado wanatumia BTM-3 ya zama za Soviet, gurudumu kubwa la ndoo lililobebwa na chasisi iliyotokana na kifaru, ambalo linachimba handaki mamia ya mita kwa saa. Mtu na sepeto hawezi kushindana nalo, ingawa huku kwetu bado ni mtu na sepeto.

D9 inakunywa mazutu ngapi? (Dereva wa lori, njia ya Kasumbalesa)

Kwenye kazi nzito mimi nilikuwa nahesabu lita 50 hadi 60 kwa saa. Ndiyo, kwa saa. Na haiendi vitani kwa miguu yake, inapandishwa kwenye trela kama yako, tofauti ni kwamba trela hilo lina magurudumu mengi kuliko barabara zetu zinavyoweza kuvumilia.

Mzee wetu, mimi ni mama wa Kamalondo, ni nesi mstaafu. Kwenye televisheni naona masini hizi zinabomoa nyumba za watu, wanawake wamesimama nje na magunia. Wewe unazisifia. Hukumu yako ni nini?

Mama, barua yako niliisoma mara tatu, na nimeiacha karibu na mwisho kwa sababu niliiogopa.

Nazisifu kama fundi. Ila najua zimefanya nini. Vietnam, kuanzia 1967, Wamarekani walifunga kwenye D7 lame maalum, plau ya Rome. Jina halihusiani na Roma ya Baba Mtakatifu, ni mji wa Rome wa jimbo la Georgia. Ilikuwa na ncha pembeni ya kupasua shina na makali yaliyonolewa kila siku kama panga la bucha. Zilipangwa thelathini hivi kwa mstari, zinakata msitu ili adui asipate pa kujificha. Niliwahi kukata miombo kwa masini mbili na mnyororo katikati, kwa ajili ya shamba la mahindi la kampuni, na jioni harufu ya utomvu ilinikalia kooni hata bukari, ugali wetu, haikupita. Wao walikata misitu ya watu wengine, mwaka baada ya mwaka. Februari 1991, kwenye mpaka wa Saudia na Iraki, vifaru vyenye plau na masini za udongo zilipita juu ya mahandaki ya askari wa Iraki na kuyafukia, wengine wakiwa hai ndani. Idadi yao ilibishaniwa. Tendo lenyewe halikubishaniwa.

Kuhusu nyumba, Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 53, unamkataza anayeikalia nchi ya watu kuharibu mali zao, isipokuwa pale operesheni za vita zinapolazimisha kabisa. Mwanasheria atakwambia ugomvi wote uko kwenye hilo "isipokuwa". Mimi si mwanasheria.

Lakini kuna habari moja ambayo siwezi kuisoma kama watu wengine. Tarehe 16 Machi 2003, huko Rafah, Rachel Corrie, Mmarekani wa miaka 23, alisimama mbele ya D9 yenye deraya kuzuia nyumba isibomolewe. Akafa pale. Jeshi lilisema dereva hakumwona. Wenzake waliokuwepo walisema alivaa koti la rangi ya kung'aa na alionekana wazi. Mahakama ya Haifa iliamua mwaka 2012 kwamba ilikuwa ajali, familia ikakataa. Sikuwepo, sitaamua. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona kutoka kwenye kiti kile. Lame ya D9 ina kimo cha mtu mzima na upana unaozidi mita nne. Hata bila deraya, ardhi iliyo mbele yake tu huioni. Unaongozwa na kijana anayesimama pembeni na kitambaa mkononi, na asipokuwepo unasimamisha masini. Hiyo ilikuwa sheria kwa ajili ya mawe. Nikiongeza sahani za Kambove, nikiongeza vioo vya unene wa ngumi, narudi kwenye kinga ya kapita. Dereva anayejua kwamba haoni na bado anasukuma, mama, hukumu yangu juu yake ni ile ile ningejihukumu usiku ule kama isingekuwa baiskeli.

Siku hizi wanazidi kumtoa mtu kitini. Israeli wana D9 ya kuongozwa kwa mbali, Waingereza wana Terrier ambayo askari anaweza kuiongoza akiwa umbali wa kilometa moja. Kwa kutegua mabomu nakubali: DOK-ING ya Kroatia inatengeneza vimasini vidogo vyenye minyororo, ukilipukiwa umepoteza chuma. Kwa nyumba, sijui ni nafuu kwa nani. Dereva wa katapila ana macho mawili na makalio, na makalio ndiyo yanayomwambia kwamba kilicho chini si udongo mtupu. Ukimweka kilometa moja mbali na skrini, hayo makalio umeyaacha nyumbani.

Nisimalize na hayo tu, usije ukadhani masini zenyewe zimelaaniwa. Chernobyl ilipolipuka Aprili 1986, zile IMR-2 nilizozitaja ziliwekwa risasi, ile ya metali, kuta nzito za kuzuia mionzi, zikaingia kukusanya takataka ambazo mtu asingeweza kuzishika. Zilizoundwa kubomoa vizuizi vya vita zikafanya kazi ya ufagio.

Papa, mjomba ana D7 ya zamani imelala Kampemba. Watu wa karieri moja wanataka tuivike chuma iwe ya ulinzi, wachimbaji wasiingie. Nipe unene wa sahani na jinsi ya kufunga. Nitakulipa. (Kijana wa Katuba)

Sitakupa.

Mwaka 2004, huko Granby, Colorado, fundi mmoja wa kuchomelea, Marvin Heemeyer, alikasirikia majirani na ofisi za mji. Alinunua Komatsu D355A, akajifungia kwenye banda, akaivika chuma na zege. Alivika vizuri sana, kama fundi nakiri hivyo. Polisi hawakuweza kumtoa. Alibomoa majengo kumi na matatu, kisha akatumbukia kwenye chumba cha chini cha duka aliloliangusha mwenyewe, masini ikakwama na radiatere ilikuwa tayari inavuja, akajiua humo humo. Alikuwa anaona kupitia kamera tu. Hilo shimo la chini ya sakafu hakuna kamera iliyomwonyesha.

Wale wachimbaji unaotaka kuwatisha, nusu yao ni watoto wa mtaa wako na wangu. Watalala kwenye mashimo usiyoyajua, na wewe utakuwa umekaa ndani ya sanduku lenye tundu la kiganja. Waambie watu wa karieri wajenge ukuta na waajiri walinzi.

Ila D7 ya mjomba naitaka. Kama chenili hazijatengana na maji hayajaingia kwenye motere, hiyo ni masini ya kusafishia viwanja, na viwanja vipo vingi sasa kuelekea njia ya Likasi. Chota mafuta ya giabosi ya mwisho kila upande, chupa mbili tofauti, uziandike kushoto na kulia, usizichanganye. Niletee Jumamosi. Si asubuhi, asubuhi nina kwaya. Na ile sahani mliyokwisha kununua mpeleke yule mchomeleaji wa Ruashi, atapata choma ya nyama ya kutengeneza, maana anadaiwa Simba mbili.